Je, Jua Linaweza Kuondoa Dawa ya Shamba Kwenye Maji?

 

Mvua zikianza mwezi wa 11 huku kwetu Ufipa, mambo mawili huenda pamoja: mahindi yanaota, na mabomba ya kupulizia yanatolewa stoo. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, wakulima wengi ambao zamani hawakupiga dawa kwenye mahindi sasa wanapiga. Ongeza hapo na viuagugu. Maji ya kuchanganyia yanatoka wapi? Mara nyingi ni kijito kilekile au kisima kilekile ambacho nyumbani wanachota maji ya kunywa na ng'ombe wanashuka kunywa.

Kuna swali ambalo wakulima huniuliza: "Bwana shamba, tulifundishwa kwamba ukiweka maji kwenye chupa juani vijidudu vinakufa. Je, na dawa ya shamba haifi?"

Ni swali zuri. Jibu fupi ni hili: jua peke yake, hapana, huwezi kulitegemea. Jua likisaidiwa na kitu maalum, ndiyo, na wanasayansi wamelithibitisha hilo. Lakini kitu hicho bado si cha kununua dukani ukatia kwenye ndoo. Leo tuelewe kinavyofanya kazi, halafu tuone tufanye nini msimu huu wakati hatuna.

1. Chupa juani inafanya nini, na haifanyi nini

Njia ya chupa ni ya kweli. Chukua chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isizidi lita 2, jaza maji maangavu, ilaze juani kwa saa 6. Kukiwa na mawingu mengi, iache siku 2 mfululizo. Mionzi ya urujuanimno pamoja na joto huua vijidudu vya kuhara. Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanoni, kilianza kuichunguza njia hii tangu miaka ya 1970 mwishoni, kisha taasisi ya maji ya EAWAG ya Uswisi ikaieneza duniani.

Kwetu mionzi hiyo ipo ya kutosha. Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 mionzi hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10. Ndiyo maana jua la Ufipa linakuchoma ngozi hata kama unasikia baridi.

Lakini kijidudu ni kiumbe hai, na dawa ni kemikali. Kijidudu kikiungua kimekufa. Kemikali haina uhai wa kupoteza. Ni lazima ivunjwe vipande. Kwa sababu hiyohiyo, kuchemsha maji hakuondoi viuatilifu vingi. Maji yanapungua kwa mvuke na dawa inabaki sufuriani. Kutia klorini nako hukutegemei kwa kazi hii. Kuchuja kwa kitambaa kunapunguza matope, na baadhi ya dawa hushikana na matope, lakini ile iliyoyeyuka inapita kama chumvi inavyopita.

2. Kwa nini dawa za siku hizi haziogopi jua

Wengi mnaijua pareto inayolimwa huko Mbeya, Iringa na Njombe. Sumu ya pareto inaua wadudu vizuri sana, ila ikikaa juani haichukui muda inavunjika. Kwa mazingira hilo ni jambo jema, lakini kwa aliyepiga dawa shambani ni hasara, maana kesho wadudu wanarudi.

Mwaka 1973, kikundi cha Michael Elliott kwenye kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, kikatangaza permethrini. Hii ni kemikali iliyotengenezwa kwa kuiga sumu ya pareto, lakini ikaundwa kwa makusudi ili ivumilie jua. Ndugu zake ndio hao tunaowasoma kwenye lebo nyingi leo, majina yanayoishia na "-thrini".

Umeona hapo? Dawa nyingi ziliundwa kwa makusudi zisivunjwe na jua haraka. Sasa ukitegemea jua lilelile likusafishie kisima, unategemea kitu ambacho dawa ilishaandaliwa kukishinda.

3. Kichocheo kinachoamshwa na mwanga

Hapa ndipo kinapoingia kile kitu maalum. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali bila chenyewe kutumika kikaisha. Vipo vichocheo ambavyo gizani vinalala, vikipigwa na mwanga vinaamka.

Kinachojulikana zaidi ni dioksidi ya titani. Usiogope jina, umeshaishika mara nyingi: ndio ule unga mweupe unaofanya rangi ya ukutani iwe nyeupe. Umewahi kugusa mlango wa zamani wa rangi nyeupe uliopigwa jua miaka mingi, mkono ukatoka na unga? Sababu mojawapo ni hiyo: jua linaamsha dioksidi ya titani, nayo inakula gundi ya rangi iliyoishikilia. Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kitu hiki kikipigwa mwanga kinaweza hata kuyapasua maji yenyewe.

Kazi inakwenda hivi:

- Mwanga unagonga chembe ya kichocheo. Elektroni inaruka kutoka mahali pake na kuacha pengo.
- Pengo hilo linataka kuzibwa. Linanyang'anya elektroni kutoka kwenye maji yaliyo jirani.
- Maji yaliyonyang'anywa yanatoa kitu kikali sana kiitwacho radikali ya hidroksili.
- Radikali hiyo inashambulia karibu kemikali yoyote ya kaboni inayoikuta. Inaimega kidogo kidogo, na mambo yakienda vizuri mwisho wake ni hewa ya kabonidioksidi, maji na chumvi kidogo.

Hapa ndipo palipo na tofauti na mkaa wa kuchujia. Mkaa unaikamata dawa na kuishikilia. Ukijaa, inabidi uubadilishe, na dawa bado imo ndani. Kichocheo cha mwanga kinaivunja.

4. Vitundu vina kazi gani?

Radikali ya hidroksili ni kali lakini haina maisha. Inazaliwa na kupotea ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Haiwezi kusafiri. Kwa hiyo dawa isipokuwa imesogea karibu kabisa na kichocheo, radikali inazaliwa na kufa bure.

Ndiyo maana watafiti wanatengeneza vichocheo vyenye vitundu vingi vidogo, mfano wa sega la nyuki. Vitundu vinafanya kazi mbili: vinaongeza eneo la kufanyia kazi, na vinaiita dawa iingie ndani ikae karibu na pale radikali inapozaliwa. Kitundu kinakamata, mwanga unavunja, kitundu kinabaki wazi kukamata tena.

Tulinganishe kwa ardhi tunayoijua. Gramu moja ya unga wa kawaida wa dioksidi ya titani unaotumika maabara ina eneo la takribani mita za mraba 50, kama chumba kikubwa. Mkaa ulioandaliwa kiwandani kwa ajili ya kuchuja una zaidi ya mita za mraba 500 kwa gramu. Halafu kuna vifaa vipya vinavyojengwa kwa kuunganisha metali na molekuli za kaboni, kama nyumba yenye vyumba visivyohesabika. Gramu moja ya baadhi yake inazidi mita za mraba 1,000, yaani robo ekari ndani ya kitu unachoweza kukishika kwa vidole viwili! Waliovianzisha, Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025. Baadhi ya vifaa hivyo huamshwa na mwanga pia.

5. Wapi imeshafanyika?

Mfano unaotuhusu sisi wakulima uko Almería, kusini mwa Hispania, kwenye eneo kubwa la mashamba ya mboga ya nyumba za plastiki. Chupa tupu za viuatilifu zilikuwa nyingi, na ili kuzirejeleza ni lazima zioshwe. Maji ya kuoshea yakawa ndiyo tatizo. Katika miaka ya 2000 kikajengwa kiwanda cha kusafisha maji hayo kwa jua: maji yanazunguka kwenye mirija ya kioo iliyowekwa mbele ya vioo vya kukusanya mwanga vyenye eneo la takribani mita za mraba 150. Wao walitumia ndugu wa njia tuliyoieleza, yaani chuma kidogo na hidrojeni peroksidi vikiamshwa na jua, vinavyotoa radikali ileile.

Hapa nyumbani, Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda mwaka 2015 Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kutoka Uingereza kwa chujio la mchanga lililochanganywa na vifaa vya chembe ndogo sana, linaloandaliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Chujio hilo linakamata tu, halitumii mwanga kuvunja. Ila linatuonyesha kwamba kazi ya namna hii inafanywa na Watanzania.

6. Kwa nini bado hatujaiweka kwenye kisima cha kijiji

Ukisikia mtu anauza unga na kusema "tia kwenye maji, weka juani, sumu yote inaisha", muulize maswali haya manne.

*Matope je?* Mwanga haupenyi kwenye maji ya rangi ya chai. Na maji ya vijito vyetu yanachafuka wakati wa mvua, ndio wakati huohuo wa kupiga dawa.

*Mwanga gani?* Dioksidi ya titani ya kawaida inaamshwa na urujuanimno tu, ambao ni kama asilimia 5 ya nguvu ya jua. Mwanga mwingine wote unapita bure. Watafiti wanatafuta vichocheo vinavyotumia mwanga wa kawaida tunaouona, lakini kazi inaendelea.

*Unga unatolewaje?* Kichocheo cha unga laini kikishaingia kwenye maji, kukitoa ni kazi. Ndiyo maana wengi wanakigandisha kwenye kioo au mawe. Na baadhi ya vile vifaa vipya vya vyumba vingi huharibika vikikaa majini.

*Imevunjika yote au nusu?* Hili ndilo kubwa. Chukua mfano wa atrazini, kiuagugu cha mahindi. Dioksidi ya titani na mwanga huimega atrazini lakini kiini chake hakivunjiki, kinabaki kama asidi ya sianuri. Kwa bahati nzuri hiyo haina sumu kali kama mama yake. Lakini si kila kipande kinachobaki ni cha heri, na bila kipimo cha maabara huwezi kujua. Maji yenye dawa yanaweza kuwa maangavu, hayana harufu wala ladha.

7. Hesabu ya gramu moja

Kwa nini nasisitiza? Fuata hesabu hii taratibu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 0.1 ya kiuatilifu kimoja kwa lita. Ni kiwango cha tahadhari, si kwamba ukikivuka kidogo unaanguka. Lakini kinatusaidia kuona ukubwa wa jambo.

Gramu moja ni mikrogramu 1,000,000. Gawanya kwa 0.1, unapata lita 10,000,000. Yaani gramu moja ya kiini cha dawa inaweza kuyavusha kiwango hicho maji ya bwawa la hekta moja lenye kina cha mita moja!

Tuseme mchanganyiko wako una gramu 1 ya kiini kwa lita, na bombani kimebaki kikombe kimoja cha robo lita. Ukikimwaga na kusuuzia bomba kijitoni, umemwaga robo gramu. Inahitaji lita milioni 2.5 kuipunguza hadi hapo. Na maji ya Ufipa hayakai. Yanateremka, mengine kwenda Ziwa Rukwa, mengine Ziwa Tanganyika, na njiani kuna watu, mifugo na samaki.

Hata huko Almería hawakuusafisha mto. Walisafisha maji ya kuoshea kabla hayajatoka kiwandani. Dawa ikiwa kwenye ndoo ni tatizo la ndoo moja. Ikishaingia kijitoni ni tatizo la kijiji.

8. Tufanye nini msimu huu

Changanya kinachotosha tu. Pima kwanza kwa maji matupu. Pima eneo la mita 10 kwa 10, lipulize kwa mwendo wako wa kawaida, uone umetumia lita ngapi. Zidisha kwa 40, upate ya ekari. Mfano, lita 2 mara 40 ni lita 80 kwa ekari, sawa na mabomba 5 ya lita 16. Ukijua hivyo, hutabaki na dawa ya kutafutia pa kumwaga.

Chota maji kwa ndoo safi, changanyia shambani. Usizamishe bomba kijitoni, na usichanganyie kisimani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Hatua 60 ndefu, zihesabu.

Suuza chupa mara tatu. Dawa ikiisha, tia maji robo ya chupa, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba upulizie shambani. Rudia mara tatu. Kisha toboa chupa ili asije mtu akawekea mafuta au maji. Usiichome wala kuitupa bondeni. Itunze mbali na watoto, na muulize afisa ugani au duka la pembejeo utaratibu wa kukusanya chupa eneo lako.

Bomba lioshee shambani. Maji ya kusuuzia yapulizie kwenye zao lilelile, sehemu ambayo dawa haikukolea.

Tumia udongo wenye mboji. Wazee wetu wa Ufipa walijua zamani kufukia nyasi kwenye matuta ya ntumba zioze zirutubishe shamba. Wadudu wadogo na ukungu wanaoozesha nyasi zile wanaweza pia kumega dawa nyingi. Wasweden walianza kutumia akili hiyohiyo miaka ya 1990 mwanzoni, kwa shimo la kupokea matone na maji ya kuoshea mabomba. Kikundi cha wakulima kinaweza kutengeneza kwa namna hii:

1. Chagua mahali tambarare, mbali na kisima na kijito, pasipotuama maji. Muonyeshe kwanza afisa ugani wako.
2. Chimba kina cha sentimita 70. Chini shindilia udongo wa mfinyanzi sentimita 10 ili maji yasipenye kwenda chini.
3. Jaza mchanganyiko: nusu nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa, robo mboji iliyoiva, robo udongo wa juu wa shambani.
4. Juu otesha nyasi. Ezeka paa dogo ili mvua isilijaze, na weka uzio. Usipande mboga hapo, na ng'ombe wasilishwe nyasi zake.
5. Acha shimo liwe na unyevu, lisiwe dimbwi. Likididimia, ongeza mchanganyiko.

Shimo hili ni la matone na maji ya kusuuzia tu. Si la kumwagia dawa iliyopitwa na wakati. Hiyo iache kwenye chupa yake, utoe taarifa ili Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ielekeze.

Dawa ikimwagika kisimani au kijitoni, usijaribu kuitibu kwa jua, klorini wala kuchemsha. Zuia watu na mifugo wasitumie, na toa taarifa ofisi ya kijiji, kwa afisa afya na kwa watu wa maji siku hiyohiyo. Taja jina la dawa lililoko kwenye lebo.

Kwa kumalizia

Endelea kutumia chupa juani kwa ajili ya vijidudu, inafaa. Ila maji ya chupa hiyo yawe yametoka mahali pasipooshewa bomba. Siku vichocheo vya mwanga vitakapofika vikiwa vimepimwa na kuthibitishwa, tutajifunza kuvitumia. Kwa sasa kichujio chetu kikubwa ni zile mita 60, kusuuza mara tatu, na shimo la mboji.

Kabla msimu haujaanza, kaeni kikundi, mpime mnapochanganyia dawa hadi kisimani ni hatua ngapi. Kama hazifiki 60, hameni mapema. Maswali yaleteni, tutajibizana. Kazi njema, na tukutane somo lijalo.